Nyama Ndani ya Ganda la Unga

Neno lenyewe lililetwa na Dorika muuza nyanya, na tangu alipolitamka halikumtoka Severina kichwani: siku ya wazazi, watoto wa kidato cha tatu watanyweshwa pombe. Eti darasa la Historia linaandaa karamu ya Waingereza wa enzi za wafalme wa Tudor, karne tano zilizopita, na watu wale, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wakinywa bia badala ya maji.

Severina, mlokole asiyetaka hata kupita karibu na kilabu cha pombe, hakutulia tena. Asubuhi yuko shuleni, mchana yuko kwa mama wa mtoto mwingine. Mwalimu Obadia wa Historia alimpa shikamoo yake, akamweleza kuwa kitakachonywewa ni togwa ya uwele tu. Hakuamini. Akanusa mitungi, akaonja, akarudi kesho yake kuonja tena, maana togwa ikilala huchachuka.

Kwa kuhangaikia togwa hakuangalia jiko lake mwenyewe. Binti yake, Ritha, wa kidato hicho hicho, ndiye aliyepewa kupika nyama ya karamu. Alhamisi aliichemsha, akaifunga ndani ya unga wa ngano uliokandwa mgumu kama udongo wa kufinyangia, akaioka kwa makaa juu na chini. Kisha akaipandisha juu ya kabati na kuifunika kitambaa. Ijumaa Severina aliuliza mbona bado iko pale. Ritha akajibu kwamba Watudor walifanya hivyo hivyo, ganda likawa ndicho chombo, nyama ikakaa siku nyingi. Mama akaitikia tu huku anatafuta kandambili. Alikuwa anawahi mitungi. Hakuna aliyekumbuka kuuliza huko Uingereza baridi ilikuwa kiasi gani. Hapa Mandewa ilikuwa Oktoba, na bati la nyumba liliwaka tangu saa tatu.

Jumamosi, siku yenyewe ya wazazi, wazee walikaa mezani pale shuleni. Kwa desturi, aliyepika huonja kwanza mbele ya wageni, waone hana nia mbaya. Mwalimu akasema hata wafalme wale walikuwa na mtu wa kuwaonjea. Babu mmoja akatania, "Onja vizuri, mjukuu wangu. Wengine bado tunataka kuoa." Watu wakacheka.

Ritha akavunja ganda, akatia kipande mdomoni. Harufu ikamfikia Severina pale alipokuwa amesimama. Akauona uso wa binti yake ukikunjamana, kisha ukijilazimisha kutulia, kwa aibu ya kutema mbele ya wazee.

"Tema, Ritha."

"Nimeshameza, mama."

Severina akalisukuma sinia lote chini, hakujali nani anamtazama.

Kabla jua halijazama Ritha alikuwa zahanati, anatapika na kuhara, midomo imemkauka, na mama ameushika mkono wenye dripu kana kwamba akiuachia binti ataondoka. Mungu alisaidia, akapona. Alipoweza kumeza uji, Severina alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba, akimwambia kila mama maneno haya haya:

Usile nyama iliyopikwa ikalala nje, hata kama imefunikwa.

Usipike leo karamu ya keshokutwa kama huna friji.

Usiige mapishi ya nchi ya baridi bila kufikiria joto la kwako.

Usimeze kinachonuka kwa kuwaonea haya wageni.

Usimwache mtoto aonje ambacho wewe hujakinusa.