Tone Kutoka Jani la Tumbaku

"Tumbaku?" Bi Tumu aliuondoa mkono wake mezani. "Maisha yangu yote sijanusa hata ugoro, leo weye mtoto wa ndugu yangu waja kunitia tumbaku mwilini?"

Nabiha alikuwa amezoea kuieleza kazi yake mbele ya maprofesa. Mbele ya shangazi yake, katika chumba hiki cha zahanati nyuma ya Ngome ya Yesu, alijikuta akitafuta maneno upya.

"Si tumbaku yenyewe, shangazi. Ni mmea wa jamii yake. Tumeuwezesha kutengeneza protini ya utitiri, vile vidudu vya vumbini visivyoonekana kwa macho. Kwa kawaida hufugwa na kusagwa vidudu vyenyewe, na kila msago hutoka na nguvu yake. Jani hutupa kitu kimoja tu. Tukishakikamua na kukichuja, tumbaku haibaki."

"Vidudu vyafugwa!" Bi Tumu alimgeukia Mwikali, muuguzi. "Waisikia elimu hiyo?"

"Naisikia, Bi Tumu. Afadhali jani."

Kicheko kikamrudisha Bi Tumu mkono mezani. Kwa muda mrefu kifua kilikuwa kikimbana kila alfajiri, na mwanawe Ubaid alikwishakata shauri: mkosaji ni paka, naye atampeleka kwa muuza samaki wa Mwembe Tayari. Nabiha alimpenda paka yule. Alitaka kipimo cha mzio kitoe jawabu la hakika kabla paka hajatolewa.

Lakini Bi Tumu alipokunja mkono wa baibui, Nabiha alinyong'onyea. Jana kulikuwa na harusi kwa majirani. Hina mpya ilitambaa ndani na nje hadi juu ya kiwiko. Wekundu wa ngozi ungesomwa vipi hapo?

"Tumpime mgongoni," alisema Mwikali.

"Mgongo wangu siuoni. Mkiniambia paka hana makosa, nitaaminije?"

Nabiha alifikiri. Uvimbe una kimo, si rangi peke yake. Akadondosha matone baina ya maua ya hina: la maji ya chumvi yasiyovimbisha, la dawa ivimbishayo ngozi ya yeyote, la protini ya paka, na mwisho lile la jani. Akachoma kidogo kila mahali, wakangoja.

"Sasa pitisha kidole, shangazi."

Kidole kilipita kwenye maji ya chumvi bila kukwama. Kikapanda kilima cha ile dawa. Kwa paka kikateleza. Penye tone la jani kikasimama.

"Hapa pamevimba. Na pawasha, yarabi!"

"Ni utitiri huo. Mwambie Ubaid amwache paka."

"Na utitiri wenyewe wakaa wapi?"

"Kitandani zaidi. Kwenye godoro lako la sufi."

"Paka ningempa Ubaid leo hii," alisema Bi Tumu.

Sufi ile marehemu mumewe, Badawi, aliichuma mwenyewe mtini walipooana. Kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani wakilifumua godoro pamoja, wakaianika sufi darini, kisha Badawi akashona. Tangu afariki, halikufumuliwa. Nabiha aliyajua yote hayo, lakini hakuwa amejiuliza shangazi yake angependelea kupoteza kipi.

"Kuna vitambaa visivyopitisha kitu," alisema kwa upole. "Tutalifunika lote."

"Nilikafini? La. Badawi angeniona nalalia kinibanacho kifua, angenicheka." Akashusha mkono wa baibui. "Sufi na itupwe. Kitambaa cha godoro je?"

"Kikifuliwa kwa maji ya moto, utitiri hufa. Hicho utabaki nacho."

Alasiri godoro lilikuwa darini. Bi Tumu aliketi mlangoni pa ngazi, upande unakotoka upepo, leso imefunika pua, huku Nabiha akiuinamia mshono na wembe.

"Polepole, mwanangu," akamwambia. "Usiukate uzi. Uvute."