Shingo ya Mama

Melchior alikuwa amekwisha kuchonga majenerali watatu juu ya farasi, askofu mmoja, na washairi aliochoka kuwahesabu, lakini hakuna aliyemsahaulisha chakula cha mchana kama mwanamke huyu wa udongo.

Kamati ya mjini ilitaka mwanamke aliyeketi, wa kuwakumbuka waliofukiwa na poromoko la theluji bondeni kwao. Udongo ukikubaliwa, angechongwa kwa jiwe na kuwekwa mbele ya kanisa. Melchior, mwenye miaka sitini na minne, alijua hii ndiyo kazi yake kubwa ya mwisho. Akarudi nyumbani kutoka Munich, akageuza zizi la marehemu baba yake kuwa karakana, na mama yake, aliyekufa zamani, akamjia vidoleni bila kuitwa: paji lile pana, mabega ya kubeba maziwa, kidole gumba kilichopinda kwa kukamua. Asubuhi nyingine alisikia harufu ya jibini motoni, akageuka kama mtoto aliyeitwa kula.

Ijumaa kamati ilikuja. Mwenyekiti, wakili Stettler, aliizunguka sanamu mara mbili, akakohoa, akauliza kwa upole lile donge la shingoni ni la nini.

Melchior akatazama. Ni rovu, uvimbe wa koo. Mama alikuwa nalo, shangazi alikuwa nalo, nusu ya kanisa walikuwa nalo. Miezi minne alikuwa akililainisha kwa kidole, wala hakuliona.

Mjumbe mmoja akasema labda bibi amemeza kiazi, wenzake wakacheka. Stettler hakucheka.

"Liondoke kabla ya Jumatatu, Bwana Melchior. La sivyo, kazi tutampa mwingine."

Walipokwenda, aliketi na kisu mapajani. Majenerali aliwahi kuwapunguza videvu, tena bila kuombwa. Kumkata mama hakuweza. Bila lile donge angekuwa mwanamke yeyote tu, ambaye hakuna mtoto angemkimbilia.

Dada yake, Madleni, akaingia na ndoo kulowesha matambara ya kuufunika udongo usikauke. Alipoelezwa, alicheka hadi akashika mlango.

"Unacheka nini?"

"Wewe, kaka. Umtoe mama shingo wazi, mbele ya kanisa? Angekuchapa na mwiko."

"Ndivyo alivyokuwa."

"Jikoni, ndiyo. Ulimwona lini akivuka kizingiti bila kitambaa? Wewe ulikwenda zako Munich. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga."

Hakungoja jibu. Alivua kitambaa chake mwenyewe, akakichovya katika udongo wa majimaji, akakizungusha shingoni mwa sanamu. Fundo akaliweka kushoto, chini ya sikio, legevu, ili mama apate kupumua. Kisha akampangusa bega, kama mtu amtoleaye mwenzake vumbi kabla ya ibada.

Melchior akaona kidevu kama kimeinuka. Huyu alikuwa mama wa Jumapili, aliyejipenda, na yeye alikuwa amemsahau kabisa. Siku mbili alifinyanga mikunjo ya kitambaa juu ya shingo ile ile, nzito kama ilivyokuwa, bila kukata hata punje.

Jumatatu Stettler alisimama mbele ya sanamu kwa muda mrefu, akavua kofia.

"Sasa ni mama wa kweli," alisema. "Unaona ulivyofanya vyema kuliondoa?"

Melchior alishukuru kwa adabu. Madleni alikwisha kuichukua ndoo, akatoka nayo haraka, mabega yakimtikisika, na Melchior hakuthubutu kumtazama.