Pua ya Fundi Barafu

Mtaa mzima ulimwita Barafu, ingawa hakuwa mtu wa baridi hata kidogo. Jina alilipata kwa kazi yake. Alichukua kioo kitupu, akakipulizia dawa kwa bomba, na kabla hujamaliza kukohoa kioo kilikuwa kimeota maua meupe kama yale yanayoganda ndani ya friza. Bafu, vyoo, milango ya ofisi, popote watu walipotaka mwanga bila kuonekana, maua yake yalikuwapo.

Dawa yenyewe ilikuwa siri ambayo kila mtu aliijua, maana ilinuka. Alisaga vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini, akaviyeyusha kwenye thina, akatia vanishi kidogo ya kushikiza. Thina ikiruka, vidonge hubaki kiooni vikiwa fuwele. Kipimo chake hakikuwa kijiko wala mizani. Alifunua ndoo, akavuta pumzi moja ndefu, akasema, "Bado," akaongeza konzi nyingine. Pua ikikubali, kazi inaanza. Aliringia pua hiyo miaka ishirini na miwili, na tusimcheke, kila mwenye mvi ana kitu cha kuringia.

Siku za karibuni alikuwa akilalamika kwamba vidonge vinachakachuliwa. Zamani konzi mbili zilitosha. Sasa anatia tano na bado pua haisemi kitu.

"Majirani wanapita wameziba pua," mkewe alimwambia.

"Majirani hawajui kazi."

Mkewe akayaacha maneno hayo. Kubishana na fundi ndani ya karakana yake ni kutwanga maji kwenye kinu.

Ndipo binti yao, muuguzi, aliporudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza. Fundi alimwandalia chumba kwa mikono yake. Alipaka kuta rangi, akakaza kitanda kilichokuwa kinalia, na dirishani akatia kioo kizuri kuliko vyote alivyowahi kupuliza, maua kutoka pembe hadi pembe. Asubuhi yake alimkuta binti uani, amekaa kwenye kigoda, mkono kwenye paji la uso.

"Baba, dirisha zuri sana. Ila kichwa kinanigonga tangu jana."

"Mimba hiyo."

"Mimba ninayo miezi minane, Baba. Kichwa nimekipata jana." Akaligeukia dirisha. "Hayo maua hudumu muda gani?"

Fundi hakuwa mwongo. "Mwaka, mwaka na nusu. Yanafifia, wateja wananiita, nayarudishia."

"Yakififia yanakwenda wapi?"

Miaka yote hiyo watu walimuuliza lini atamaliza na kwa nini amechelewa, lakini hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. "Yanaisha tu," alisema. "Kama sabuni."

"Hayaishi. Vile vidonge vinageuka hewa, ndiyo maana nondo wanakimbia. Sisi tumelala humo humo. Na kuna watoto wachanga ambao damu yao haivumilii kitu hicho, inavunjika, mtoto anageuka manjano. Huwezi kumjua ni yupi mpaka augue."

"Nilikulea kwa kazi hiyo hiyo," Fundi alisema, akaondoka amevimba. Aliumia, na tuseme ukweli, aliumia zaidi kwa sababu binti hakupandisha sauti.

Akaenda jikoni, ambako mkewe alimkabidhi maziwa yaliyokuwa motoni ayaangalie, yeye akatoka kwenda kuanika nguo. Fundi akakaa mlangoni, mgongo kwa jiko, akibishana na binti yake moyoni na kumshinda kila mara. Alishtuliwa na mkewe aliyeingia mbio, akampita, akazima jiko. Moshi ulikuwa umejaa hadi darini. Sufuria ilikuwa nyeusi.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

Mkewe hakuitazama tena sufuria. Alimtazama yeye. "Fumba macho," alisema.

Akafumba. Mkewe akamletea kitu puani, akamuuliza ni nini. Hakujua. Akaleta cha pili. Hakujua. Cha tatu, Fundi alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akasema, "Maji."

Alipofumbua macho aliona kopo la kahawa, kipande cha sabuni, na ndoo yake mwenyewe ya dawa, kifuniko wazi.

"Kumbe vidonge havikupungua nguvu," alisema taratibu. Aliogopa, na hakuona haya mkewe kuona kwamba ameogopa. Konzi tano. Kadiri pua ilivyokufa ndivyo alivyozidi kuwapulizia watu.

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshaking'oa kile kioo cha chumba cha binti.

Majuma mawili yaliyofuata hayakuwa ya heshima. Alitaka maua yaleyale, lakini kwa kitu kisichoruka hewani. Alijaribu chumvi ya mezani, ikamtolea changarawe. Alijaribu shabu, ile ya kusafishia maji, ikabanduka kama ngozi ya mgonjwa. Binti akamletea chumvi ya haluli, ile ya kulainishia tumbo, akamwambia aiyeyushe kwa maji ya moto na gundi kidogo.

"Maji si dawa," Fundi alinung'unika, lakini akapuliza. Kwa mazoea ya thina akaona inachelewa, akaiwashia feni, akapata unga mtupu. Mara ya pili alipuliza, akaiacha kwa hasira, akaenda kula. Aliporudi, kioo kilikuwa kimeota manyoya marefu meupe, membamba kuliko yote aliyowahi kupata. Akasimama mbele yake muda mrefu. Akayafunika kwa vanishi ya maji, na ukutani akaandika kwa chaki: vijiko kumi, si pua.

"Wateja wakijua wanaoga nyuma ya dawa ya tumbo?" mkewe aliuliza.

"Wasilambe."

Kisha akabeba ngazi akaanza kuzunguka kwa wateja wake wa zamani kuyabadilisha maua, akianza na nyumba zenye watoto wadogo. Wengine walimshukuru, wengine walimfokea. Alivipokea vyote.

Mjukuu alizaliwa salama, wa kike, na macho yake yalikuwa meupe pee, bila manjano. Siku ya tatu binti alimweka mikononi mwa babu yake, chini ya dirisha jipya.

"Mnuse utosini, Baba. Kila mtu amemnusa isipokuwa wewe."

Fundi akainama. Akavuta pumzi moja ndefu, ileile ya kwenye ndoo. Hakupata kitu. Akajaribu tena, taratibu, kisha akamgeukia mkewe.

"Ananukiaje?"

Mkewe akasogea, akainamisha uso karibu na wake, akanusa bila haraka. "Maziwa ya uvuguvugu," alisema. "Na nguo iliyokauka juani."

"Bado," Fundi alisema, na mkewe akavuta pumzi nyingine.