Makabidhiano Kando ya Kitanda

Sista wa wodi ya wanaume alikuwa amebakiwa na asubuhi moja tu. Metroni alishamwambia waziwazi: manesi wakiendelea kununa, makabidhiano ya zamu yatarudi chumba cha chai, na mpango wake utaishia kabatini.

Mpango wenyewe haukuwa mkubwa. Zamu inayotoka na inayoingia zisimame kando ya kila kitanda, zikabidhiane mgonjwa mbele yake mwenyewe. Lakini manesi walivyovimba mashavu, ungedhani wameambiwa wabebe vitanda kichwani. Kinara wao alikuwa nesi mkongwe waliyemwita Komando, na Komando akinuna, wodi nzima inanuna.

"Miguu yetu si ya chuma," alilalamika asubuhi hiyo, akiburuta viatu makusudi. "Na siri za watu je? Mtu atangaziwe kuhara kwake mbele ya jirani?"

 Hilo la siri sista alikuwa amelisikia mara nyingi, akalipuuza kwa sababu tu lilitoka kwa Komando.

Walipofika kitanda cha sita, Komando alikabidhi chapuchapu, macho yakiwa dirishani. "Wa sita. Hajala tangu jana, anapasuliwa ngiri leo. Yuko tayari kabisa."

Mzee wa kitanda cha sita aliacha kutafuna mkate. "Nani apasuliwe? Mimi naruhusiwa leo, mwanangu! Nimeshaaga!"

"Wa ngiri ni mimi, dada," akaita fundi mwashi kutoka kitanda cha nane. "Tulibadilishana vitanda jana jioni. Mzee anapenda upepo wa dirishani."

Wodi ikaangua kicheko. Komando peke yake hakucheka. Miaka yote, kule kwenye chai, walikuwa wakikabidhiana namba za vitanda tu. Kwa namba tu, leo mzee huyu angepelekwa kupasuliwa.

Metroni akaingia. "Haya, sista, turudi tulikotoka?"

Kabla sista hajafungua kinywa, Komando alidakia. "Turudi wapi? Tunabaki hapahapa vitandani. Ila mambo ya siri tuyamalize kwanza mlangoni, kwa sauti ya chini. Hapo silegezi kamba."

"Ni kweli," sista alisema. "Nilipaswa kukusikiliza tangu mwanzo. Nisamehe, dada yangu."

 Komando alisukuma toroli la dawa mpaka kitanda cha saba, akamwinamia mgonjwa.

"Hujambo, baba? Hebu waambie wenzangu jina lako."