Kisima Chini ya Chumba cha Kufulia

Siku wanajeshi wa kigeni walipoondoka na geti la kambi likaachwa wazi, watu waliingia kwa vigelegele, wengine wakikimbia na viatu mkononi. Dobi wa kambi hiyo aliingia amemshika mama yake mkono. Afisa ardhi alikuwa ametangaza: atakayeonyesha ilipokuwa nyumba yake kabla ya saa sita mchana atarudishiwa kiwanja. Atakayeshindwa, kiwanja kitakuwa cha serikali, na serikali ikishakaa, nani wa kuiinua?

Mama alizunguka, akazunguka tena. Mtaa wake wote ulikuwa umegeuka lami na mabati.

"Si unaijua hii kambi?" akamfokea bintiye. "Si ndiko ulikokuwa ukiwafulia magwanda?"

Miaka kumi na tisa dobi alikuwa amefua humo, na miaka kumi na tisa mama alimnunia kwa sababu hiyo, ingawa mkate uliotokana na magwanda hayo aliula bila kununa.

"Mama, nipe alama moja tu. Kitu ambacho hawakuweza kukihamisha."

"Kisima! Kilikuwa mlangoni petu. Ukingo wa mawe, kamba imeuchimba mifereji mitatu. Siku ya kufukuzwa tulikifukia na takataka ili wasinywe."

Dobi akashika kichwa. Chumba cha kufulia! Chini ya mashine ya mwisho sakafu ilititia kila mvua iliponyesha. Wanajeshi walimwaga zege, ikatitia; wakatukana kwa lugha yao, wakamwaga tena.

"Jamani, ni pale!" Akatimua mbio, mama nyuma yake, kwa mwendo ambao magoti yangeulalamikia kesho.

Ilikuwa saa tano na nusu. Jirani yao, fundi mwashi, akashika nyundo. Afisa ardhi alisimama mlangoni akitazama saa. Mtu wa utaratibu huyo, hata kupiga chafya angeomba kibali. Likavunjwa zege la kwanza, la pili, la tatu. Ukaja udongo, ikaja mikebe yenye kutu, kisha jiwe. Dobi akapiga magoti, akapitisha vidole ukingoni.

"Mmoja," alisema. "Wa pili. Wa tatu! Mama, wa tatu huu hapa!"

Chumba kizima kikalipuka kwa shangwe. Hata afisa alijisahau, akapiga makofi, kisha akakohoa na kufungua daftari.

"Niandike jina la nani?"

"Andika la binti yangu," mama akasema.

"Lakini mwenye nyumba ni wewe, mama."

"Mimi tangu nifukuzwe sijakanyaga hapa. Huyu alikuwa nyumbani kila siku, na mimi nikimnunia. Andika, baba, saa zinakwenda."

Dobi, mwanamke aliyekuwa akibishana na masajenti bila kupepesa jicho, alikaa pale pale kwenye kifusi akalia mbele ya watu wote, wala hakuona haya.