Anguko la Siku Kumi na Moja

Kipya kidonda, kikuukuu ndicho kinyemi. Wapanda miti wa Litapunga waliigeuza methali hivyo kwa sababu ya kamba ndogo.

Kamba kubwa huning'inia kutoka tawini hadi chini. Kamba ndogo, yenye urefu wa mkono na nusu, huzungushwa mara sita kwenye ile kubwa, kisha hufungwa kwenye mkanda wa kiunoni. Mpandaji akiegemea, inang'ata. Akiisukuma kwa kiganja, inaachia naye anasogea. Ikiwa mpya huwa ngumu na huteleza, kwa hiyo hufungwa kwanza kwenye kimo cha goti, mtu akaikalia na kuirukiarukia siku kadhaa mpaka iote vinyweleo. Ikizeeka sana hung'aa na kukakamaa kama ganda la kobe, hapo hutupwa. Katikati kuna miezi minne hivi ambayo mtu anaweza hata kusinzia juu ya mti.

Jumatatu moja ya Agosti, Method, msimamizi wa mradi wa mbegu za mninga, alikusanya kamba ndogo zote za wapandaji wake akazichoma kwenye nusu pipa. Wageni wa mradi walikuwa wanakuja na kamera, na vile vinyweleo vilimtia aibu. Alipasua pakiti za kamba mpya nyekundu, akampa kila mtu yake. Gratien aliomba siku chache za kuilainisha. Method alijibu kwamba wageni wana treni kesho.

Jumanne saa nne asubuhi Gratien alikuwa mita kumi na nane juu ya ardhi, mfuko wa mbegu begani. Wageni walimpiga picha. Akaegemea, kamba haikung'ata, akaanza kuanguka.

Mita tatu za kwanza alianguka kama mtu yeyote. Baada ya hapo anguko lilipunguza mwendo. Wageni walingoja hadi saa sita, wakaona ameshuka nusu shubiri, wakaenda stesheni. Mkewe, Emelyne, alipima kwa fimbo hadi kesho yake: mita moja na robo kwa siku. Zilibaki siku kumi na moja.

Hakuna aliyedhani kwamba amenusurika. Anguko huhesabiwa tangu lilipoanzia. Miaka ya nyuma fundi mmoja wa paa alichukua wiki nzima kushuka kutoka juu ya kanisa, akiwasalimia waumini, na kisigino kilipogusa ardhi alivunjika kama aliyefika kwa pumzi moja. Wenzake Gratien walijaribu kumzuia kwa kamba nyingine kubwa. Ikawachuna viganja watu wanne, naye hakusimama. Ilihitajika kamba ndogo iliyolainika, aifunge mwenyewe juu ya ile nyekundu, na zilizolainika zote zilikuwa majivu.

Method alikuja Jumatano na karatasi. Alisema kamba za akiba ziko stoo, na atatoa moja ikalainishwe mara tu Gratien atakapotia sahihi kwamba alifunga fundo vibaya. Wakubwa walitaka maelezo.

"Ni karatasi tu, Gratien."

"Nipandishie mwenyewe, bosi. Tumia kamba mpya."

Method aliutazama mti, akaenda kunywa chai.

Emelyne alimsihi mumewe asaini. Gratien alimwambia kwamba akisaini, kosa litakuwa la mkono wake, kamba zitabaki hazina kosa, na wenzake watapandishwa nazo kama zilivyotoka kwenye pakiti.

"Baba Patrick, mimi sijaolewa na wenzako."

"Najua. Ila wanapanda."

Emelyne ndiye aliyekuwa akifagia ofisi ya mradi, na ufunguo wa stoo alikuwa nao. Alhamisi mchana alifungua, akachukua pakiti moja, akafunga. Mlinzi alimsalimia, akaitikia. Akaenda chini ya mti, akaifunga kamba ndogo kwenye ileile kubwa aliyokuwa anashukia mumewe, kimo cha goti, akaikalia. Ikateleza kama kambale, akakaa chini.

Alirudia mara mia mbili siku hiyo, na mia mbili kila siku iliyofuata. Jioni aliifua kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, akaianika kivulini. Viganja vyake vilichubuka, vikapona, vikachubuka tena. Juu yake Gratien aliishi kwa utaratibu. Alikula ugali uliopandishwa kwa ufito mrefu wenye kikapu. Alinyoa ndevu. Wasukuma waliopita na ng'ombe asubuhi walimwambia mwangaluka, naye aliitika vizuri, kila siku kwa karibu zaidi. Jumapili kwaya ilikuja ikamwimbia, na mzee wa kanisa akamwuliza kama akiwa kule anaona mvua popote. Hakuona.

Siku ya tano ya kazi kamba ilianza kusita kabla ya kuteleza. Siku ya saba ikaota vinyweleo. Siku ya kumi Emelyne aliikalia, ikang'ata, akabaki ananing'inia, analia bila sauti. Miguu ya mumewe ilikuwa imefika usawa wa kifua chake.

Alimpa kamba. Gratien aliizungusha mara sita, akaifunga, akaegemea. Anguko likasimama. Alikaa hapo kidogo, akaomba maji, akanywa, kisha akaisukuma kamba kwa kiganja na kushuka kama mtu anayetoka kazini. Tangu siku hiyo kijiko kikimponyoka huchukua hadi jioni kufika sakafuni, na Emelyne amezoea kukikwepa.

Ripoti ya mradi iliandika: uzembe wa mpandaji. Gratien akasimamishwa kazi. Jumatatu iliyofuata Method aliwapanga watu wake mbele ya stoo, akapasua pakiti nyingine, akagawa. Emelyne alikuwa ameitwa aombe radhi mbele yao kwa kuchukua mali ya mradi bila kibali. Method alieleza kwa upole kwamba neno moja linatosha, na Gratien atarudishwa kazini leo hii. Wapandaji wanne walikuwa tayari wamevaa mikanda, kamba nyekundu mikononi, wakimngoja amalize.

"Shemeji, sema tu samahani," alisema Method. "Watu wapande."

"Niliichukua mimi, mchana, kwa ufunguo," alisema Emelyne. "Samahani sisemi."