Kambi Kabla ya Katapila

Picha za harusi na za vitambulisho ndizo zilizomlisha mpiga picha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye magofu. Aliposikia kambi ya zamani ya jeshi itavunjwa kupisha maghorofa, aliomba kibali akawa anadamkia huko kila siku. Alipiga picha lango lililoliwa na kutu, bweni lisilo na paa, na ghala la silaha ambalo sasa walinzi wake ni popo.

Mama mkwe wake, bibi aliyemzaa mumewe, alishangaa. "Mwanangu, watu wamejaa wanataka kupigwa picha, wewe unapiga kuta! Kuta zitakwambia ahsante?"

"Haziniambii, mama, lakini pia hazifumbi macho."

Bibi alicheka akashika mbavu. Kumbe naye alikuwa na lake rohoni. Siku ya mwisho ya kibali alijitokeza amevaa viatu vyake vya kutokea. "Twende. Nilipoolewa, niliishi humo."

Nyumba za askari wenye familia zilikuwa vyumba vilivyopangana kama meno. Bibi hakuuliza njia. Aliingia kimoja, akasimama katikati ya vumbi.

"Hapa kitanda, hapa jiko. Pale nje palikuwa na bomba. Niligombana na mke wa mpiga tarumbeta mpaka ndoo ikapasuka."

"Mkapatana?"

"Tungeacha? Uchungu uliponishika, gari la wagonjwa likagoma kuwaka. Yeye ndiye aliyempokea mumeo, hapo hapo uliposimama. Na mumeo alivyolia, mlinzi wa zamu alidhani king'ora!"

Mpiga picha akaondoa mguu upesi, kana kwamba amemkanyaga mtoto.

Hajainua kamera, nje kukanguruma. Katapila lilikuwa limekuja kabla ya wakati na linaelekea safu ile ile. Mpiga picha akapunga kibali chake, dereva akatikisa kichwa. Yeye ametumwa tu. Ndipo bibi alipotoka, akasimama mbele ya lile dude.

"Baba, zima mashine. Mkwe wangu yuko kazini."

"Mama, nitafokewa."

"Waambie umemkuta mwenye nyumba. Nimezalia humu ndani mimi!"

Dereva akajikuna kisogo, akazima. Alishuka, akachungulia chumbani, akaona giza lilivyotanda kwa sababu kifusi kimeziba dirisha. Bila kuombwa alirudi kwenye usukani na kukisogeza pole pole, kama mtu anayemfunua mgonjwa shuka. Mwanga ukamiminika mpaka sakafuni.

Basi bibi akageuka msimamizi. "Piga dari. Piga na ule msumari, baba mkwe wako alitundika kofia pale. Mbona umeuruka ufa?" Mpiga picha alitii huku akicheka nyuma ya kamera, bibi naye akacheka. Miaka yote ya ukwe wao, hawakuwahi kucheka pamoja hivyo.

Jioni ukuta ulipolala chini, mpiga picha alimtazama bibi kwa wasiwasi. Bibi alikuwa anakung'uta vumbi viatuni, uso mkunjufu.

"Umeumia, mama?"

"Niumie nini? Nimeiaga vizuri. Ni wachache wanaopata nafasi hiyo." Akamshika mkono wavuke mawe. "Sasa niambie, kesho tunakwenda gofu gani?"